Makutupora: visima vinavyosubiri Bahari ya Hindi

Chukua vipimo vya kina cha maji katika visima vya Makutupora, kaskazini mwa jiji la Dodoma, kuanzia katikati ya miaka ya 1950. Vipange mwaka kwa mwaka kwenye karatasi. Utapata mchoro usiofanana na mvua ya Dodoma hata kidogo. Mvua huja kila msimu, safari hii ikizidi, safari ijayo ikipungua. Maji ya chini ya ardhi hayafuati mwendo huo. Hushuka taratibu miaka kadhaa mfululizo, pamoja na ile miaka ambayo wakulima walivuna wakaweka ghalani. Kisha msimu mmoja yanapanda ghafla, mita kadhaa, na baada ya hapo yanaanza tena kushuka.

Mji umekunywa maji ya visima hivi kwa miongo mingi. Sensa ya 2012 iliikuta manispaa ikiwa na watu laki nne na ushee; ile ya 2022 ikakuta zaidi ya laki saba na nusu, baada ya serikali kuhamia na mji kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018. Kwa hiyo swali la nini hasa kinavijaza visima si la wasomi peke yao. Nalichambua hapa kama kisa kimoja, ingawa itabidi tutoke Dodoma kwa muda, kwa sababu nusu ya jibu iko chini ya uso wa Bahari ya Hindi, na wanaoifuatilia huko ni mitungi ya chuma isiyo na nahodha wala nanga.

Bonde lenyewe

Makutupora ni bonde la miamba ya granaiti iliyopasuka na kulegea, na maji hukaa kwenye nyufa hizo. Juu yake unapita Kinyasungwe Mdogo, mto ambao sehemu kubwa ya mwaka ni njia ya mchanga tu. Mito ya aina hiyo imejaa mkoani: kiangazi watu hufukua mashimo mchangani, wakangoja maji yajichuje, wakachota kwa kopo hadi dumu lijae.

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa wastani hupata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Jua na upepo wa huku vina uwezo wa kuvukiza karibu milimita 2,000. Hesabu hiyo pekee inaeleza mengi. Mvua ya jioni moja ya Januari hulowanisha udongo, huchipusha mtama na uwele, na kesho yake alasiri sehemu kubwa imekwisha kurudi angani. Kisima hakikuonja kitu. Ili maji yafike chini lazima mvua kubwa zifuatane katika kipindi kifupi, udongo ushibe, makorongo yateremke, na mto utiririke siku nyingi bila kukatika. Hapo ndipo mchanga wa mtoni unapoanza kunywa, na uchunguzi wa karibuni katika bonde hilo umeonyesha kwamba njia kuu ya maji kuingia ardhini ni huo mchanga wa mto wa msimu, si mashamba yanayouzunguka.

Kupima kina chenyewe ni kazi ya dakika chache. Fundi hufungua kifuniko cha bomba la kisima cha uangalizi, akashusha utepe wenye alama za sentimita na ncha ya chuma mwishoni. Ncha ikigusa maji, umeme mdogo hupita na kifaa hulia mlio mwembamba. Anauinua utepe kidogo, mlio unakatika. Anaushusha, unalia tena. Hapo ndipo anaposoma namba usawa wa mdomo wa bomba na kuiandika daftarini pamoja na tarehe, saa, na jambo ambalo wengi hulisahau: kama pampu ya kisima cha jirani ilikuwa inavuta. Pampu ikiwa inavuta, maji ya kisima cha uangalizi nayo hushuka, na atakayesoma daftari miaka thelathini baadaye atadhani ni ukame.

Kumbukumbu za miaka 55 za namna hiyo zilikusanywa na kupangwa na kundi la watafiti lililoongozwa na Richard Taylor wa University College London, akiwemo mtaalamu wa maji wa Tanzania, Lister Kongola, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Waliyoyakuta ni haya: visima havijazwi na mvua za wastani. Vinajazwa na misimu michache yenye mvua kali isiyo ya kawaida, na misimu hiyo inahusiana na El Niño, yaani kupata joto kupita kawaida kwa Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, pamoja na hali ya Bahari ya Hindi iitwayo dipoli, nitakayoieleza hapa chini. Uhusiano wenyewe si wa mstari ulionyooka. Mvua ikiongezeka kidogo juu ya wastani, kisima hakiongezeki kidogo, hakiongezeki kabisa. Ikipita kiwango fulani, kinaongezeka sana. Visima hivi vinaishi kama fundi ujenzi anayepata kandarasi nono mara moja moja, na katikati anakula akiba.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo ambalo mazungumzo yetu kuhusu mvua hayajalipokea. Utabiri wa msimu hutolewa kwa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, chini ya wastani. Kwa mkulima wa alizeti Kongwa mafungu hayo yana maana kubwa. Kwa kisima, mafungu mawili kati ya hayo matatu ni kitu kimoja.

Bahari inaingiaje

Katika hali ya kawaida maji ya juu yenye joto zaidi katika Bahari ya Hindi hukaa upande wa mashariki, karibu na Indonesia, na mawingu makubwa ya mvua hukaa juu yake. Miaka mingine, kuanzia katikati ya mwaka, upepo wa kusini-mashariki hupata nguvu kando ya Sumatra. Maji ya juu husukumwa mbali na pwani ile na ya baridi hupanda kutoka chini kuchukua nafasi. Upepo wa ikweta hugeuka ukavuma kuelekea magharibi, ukituletea joto upande wetu. Mawingu hufuata joto. Indonesia na Australia hukauka. Afrika Mashariki hulowa. Hii ndiyo dipoli chanya, iliyoelezwa kitaalamu na Saji na wenzake mwaka 1999, na kilele chake huwa kati ya Septemba na Novemba, yaani pale Dodoma inapotazama mawingu na kuandaa jembe.

Mwaka 1961 kulikuwa na dipoli kubwa bila El Niño ya maana, na mvua zilizofuata zilianza kupandisha Ziwa Victoria kwa zaidi ya mita mbili hadi kufikia 1964. Mwaka 1997 vilikuja vyote viwili kwa pamoja, dipoli na El Niño, na kizazi kizima Tanzania kikajifunza neno hilo la Kihispania kupitia madaraja yaliyosombwa. Kwa Makutupora, msimu huo wa 1997/98 ni miongoni mwa ile iliyojaza visima kuliko mingine yote katika kumbukumbu. Kisha 2019 dipoli ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi kuwahi kupimwa, huku El Niño ikiwa haipo kwa kiwango cha kutisha. Mvua za mwisho wa mwaka huo zilifurika Afrika Mashariki, na mioto ya misitu ikaunguza Australia.

Tofauti kati ya 1997 na 2019 ndiyo kiini cha kisa hiki. Mwaka 1997 setilaiti ziliweza kuona joto la uso wa bahari, tabaka jembamba sana la juu tu, na kimo cha maji. Kilichokuwa chini kilijulikana kwa vipande: meli za biashara zilizodondosha vipima joto njiani, maboya machache yaliyotiwa nanga, safari za utafiti za hapa na pale. Sehemu kubwa ya Bahari ya Hindi kusini mwa ikweta, nje ya njia za meli, ilikuwa giza.

Na huko chini ndiko mambo yanakopikwa. Kaskazini-mashariki ya Madagaska, kati ya Ushelisheli na Chagos, maji ya baridi yapo karibu sana na uso kuliko kawaida ya bahari za tropiki. Mabadiliko madogo chini yanaonekana haraka juu. Kuna mawimbi makubwa ya chini ambayo mtu aliye ndani ya mashua hawezi kuyahisi. Yanasafiri kutoka mashariki kwenda magharibi kwa miezi mingi, na yanapopita yanalisukuma tabaka la baridi chini zaidi na kuacha tabaka la maji ya vuguvugu likiwa nene. Yakifika kwenye eneo hilo, joto linakuwa na akiba. Upepo ukikoroga bahari, kinachopanda si baridi tena, na uso unabaki na joto wiki nyingi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliihusisha dipoli ya 2019 na kupata joto kwa maji ya kina hicho, joto lililokuja na mawimbi ya namna hiyo. Kwa maneno mengine, sehemu ya mvua ya mwishoni mwa 2019 ilikuwa imeanza safari chini ya bahari mapema zaidi, pahali ambapo setilaiti peke yake isingeweza kupapima.

Mtungi unaozama na kuibuka

Argo ni mtandao wa kimataifa wa maboya yanayopima bahari kutoka ndani. Boya lake moja ni mrija wa chuma chepesi unaokaribia mita mbili ukihesabu antena yake, wenye uzito wa kilo 20 na kitu. Hutupwa baharini kutoka melini, na baada ya hapo hakuna anayeliendesha. Linazama hadi mita 1,000 na kukaa huko kama siku tisa likichukuliwa na mkondo. Kisha linashuka hadi mita 2,000, ambako mgandamizo ni kama mara 200 ya ule wa juu. Hapo pampu ndogo ndani yake husukuma mafuta kutoka tumboni hadi kwenye mfuko wa mpira ulio nje, chini ya mtungi. Uzito haujabadilika, lakini ukubwa umeongezeka, kwa hiyo linaanza kuelea. Linapanda kwa saa kadhaa, na njiani linapima joto, chumvi na mgandamizo, joto kwa usahihi wa 0.002 ya nyuzi. Likifika juu linatuma namba zake kwa setilaiti, linarudisha mafuta ndani, linazama tena. Mzunguko mzima ni siku 10, na betri huruhusu miaka minne, mitano, mengine zaidi.

Maboya ya kwanza yaliingia majini mwishoni mwa miaka ya 1990 na 2000. Mwaka 2007 yalifika 3,000, na sasa yako karibu 4,000 duniani, yakitunzwa na nchi zipatazo 30. Kuna pia ndugu zake wa juu, maboya yanayoelea usoni kama 1,250, kila moja likiburuta kitambaa kirefu kama soksi kwenye kina cha mita 15 ili lifuate mkondo na si upepo. Ila kwa kisa chetu ni yale yanayozama ndiyo yenye habari.

Yamepangwa kwa matarajio ya boya moja kwa kila eneo la nyuzi tatu kwa tatu, yaani kama kilometa 300 kwa 300 karibu na ikweta. Mkoa wa Dodoma una kilometa za mraba 41,311. Boya moja linawakilisha eneo zaidi ya mara mbili ya hapo. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni uchache wa kuchekesha. Lakini joto la bahari halibadiliki kijiji kwa kijiji kama mvua ya Dodoma, inayoweza kunyesha Hombolo ikaiacha Ihumwa na vumbi.

Kuyaweka huko hakukuwa kazi nyepesi. Maharamia wa pwani ya Somalia walipotawala magharibi ya Bahari ya Hindi, meli za utafiti na za biashara zilikwepa eneo zima, na maboya yaliyokufa hayakupata warithi. Mwaka 2011 wanasayansi waliomba msaada wa majeshi ya majini ya Australia na Marekani ili maboya mapya yatupwe. Pengo hilo lilikuwa upande wetu wa bahari, si kwa wengine.

Namba zenyewe hazifichwi. Ndani ya saa 24 hivi huwa zimewekwa wazi kwa yeyote, kupitia vituo viwili, kimoja Brest, Ufaransa, na kingine Monterey, Marekani. Kutoka hapo zinaingia kwenye modeli za utabiri wa misimu, na modeli hizo ni miongoni mwa vitu vinavyowekwa mezani wataalamu wa nchi za ukanda huu wanapokutana kabla ya msimu chini ya ICPAC, kituo cha kikanda cha utabiri wa hali ya hewa kilichoko Nairobi, wakiwemo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mwisho wa safari hiyo ni taarifa ya redioni unayoisikia ukiwa Nzuguni unakunywa chai.

Tungefanya nini na habari hiyo

Tatizo ninaloliona ni jinsi tunavyoipokea. Taarifa ya mvua kubwa inapotoka, inashughulikiwa kama maafa yanayokuja: mitaro, wakazi wa mabondeni, madaraja. Ni sahihi, na hakuna anayepaswa kupunguza hilo. Maji yaleyale ya Kinyasungwe yanayolisha bonde letu huteremka kuelekea Gulwe na Kilosa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalikata reli ya kati kipande hicho na kuisimamisha kwa miezi. Lakini msimu uleule ndio siku ya malipo ya kisima, na kwa upande huo hatuna maandalizi yenye jina.

Dalili za dipoli huwa zinaonekana Agosti au Septemba. Mvua ya Dodoma hukolea Desemba na Januari. Kuna miezi mitatu hivi katikati, katika kiangazi, mto ukiwa mkavu na unafanyika kazi bila tabu. Kazi ya kwanza ni mchanga. Magari ya mchanga wa ujenzi yanapokwangua mto hadi kufikia udongo wa mfinyanzi, yanaondoa kile kinachonywa maji, na mji unaojengwa kwa kasi kama huu una kiu kubwa ya mchanga. Kuzuia uchimbaji katika vipande vya mto vinavyojulikana kuingiza maji, angalau kwa msimu mmoja wenye dalili, ni amri ndogo ukilinganisha na gharama ya kuchimba visima vipya. Pia mabwawa madogo na matuta ya kupunguza kasi ya maji yanaweza kuzolewa tope wakati huo. Na visima vyote vya uangalizi vipimwe Oktoba, pampu zikiwa zimezimwa kwa muda unaotosha, la sivyo hakuna atakayejua mwezi Mei kisima kilipanda kiasi gani.

Kuna hatua moja ambayo nisingeishauri: kuvuta maji kwa wingi Oktoba kwa kuamini kwamba mvua inakuja. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu kupita zote katika kumbukumbu, watu wakangoja 1997 nyingine, na mvua za mwisho wa mwaka Afrika Mashariki hazikuwa za namna hiyo. Dipoli haikuwa na nguvu ya kutosha. Zaidi ya hapo, Dodoma iko mahali pagumu. El Niño kwa kawaida hulowesha ukanda wa ikweta na kukausha kusini mwa Afrika, na mpaka kati ya hizo mbili hupita kwenye eneo letu, ukisogea huku na kule. Boya linaweza kupima joto la bahari kwa usahihi wa kushangaza na bado lisijue mpaka huo utakaa wapi Januari. Kwa hiyo hatua zinazofaa ni zile ambazo mvua isipokuja hatujapoteza: mchanga uliobaki mtoni, bwawa lililozolewa, namba iliyoandikwa daftarini.

Maboya nayo yana kasoro zake, nazitaja kwa haraka. Hayafai maji mafupi ya karibu na pwani. Vihisi vya chumvi vya toleo fulani vilianza kupotosha mapema kuliko ilivyotarajiwa, ndiyo maana namba hukaguliwa tena na wataalamu kabla ya kuitwa za mwisho. Na betri ikiisha, mengi hupotelea baharini.

Upande wa muda mrefu una mvutano wa pekee. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi za ukaa na nyinginezo limeingia baharini, na Argo ndiyo iliyofanya hesabu hiyo ifanyike kwa uhakika. Watafiti wa Makutupora walipotazama modeli za karne hii, waliona kwamba mvua za miezi ya kupindukia, zile hasa zinazojaza visima, zinatazamiwa kuongezeka kwa kiwango kikubwa kuliko wastani wa mvua. Ikiwa hivyo, maji ya chini ya ardhi yanaweza kuwa tegemeo kuliko mabwawa ya wazi ambayo jua hunywa. Wao wenyewe waliweka tahadhari: jinsi El Niño itakavyokuwa katika dunia yenye joto zaidi bado kuna shaka kubwa.

Ukilinganisha kumbukumbu hizi mbili, ile ya kisima ni kongwe zaidi. Argo ilikamilika 2007; daftari la Makutupora lilianza miaka 50 hivi kabla yake. Wakati dunia ilikuwa haijui joto la mita 500 chini ya Bahari ya Hindi, kuna fundi alikuwa akishusha kipimo chake huku na kuandika namba. Tofauti ni kwamba namba ya boya hupatikana kesho yake na mwanafunzi yeyote mwenye bando la intaneti, ilhali za kisima zilihitaji kutafutwa na kukusanywa kutoka karatasi ndipo zikasomeka pamoja. Kifaa cha kurekodi kina cha maji chenyewe kila saa, kikatuma kwa mtandao wa simu, kipo na kinatumika nchi nyingi. Vichache vikiwekwa kwenye visima vya uangalizi vya bonde hili, na namba zake zikawekwa wazi kama zile za Brest, mtabiri wa msimu angeweza kuandika fungu la nne kwenye taarifa yake ya Septemba: uwezekano wa msimu wa kujaza visima.